Vizuizi vya vita: juu ya nini askari wanachimba na kufunga njia, na nini kinabakia kwa raia

Kwetu neno bariera linajulikana na kila mtu. Ukitoka kijijini na mzigo wa unga ao wa makala, unakuta kamba ao mti umelazwa njiani, na mwenye bunduki anakuomba franka mbele ya kupita. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu karibu bariera 800 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini peke yake.

Bariera ya namna hiyo kazi yake ya kwanza ni pesa. Lakini kuko kizuizi kingine, kile cha vita kabisa. Ni handaki lililochimbwa juu ya kilima, daraja lililovunjwa, waya wa miiba mbele ya kambi, ao bomu lililofichwa chini ya udongo. Kizuizi hicho hakiombi franka. Kiliwekwa juu adui achelewe, na wakati anachelewa, apigwe.

Katika makala haya tunaeleza vizuizi vya vita vinafanya kazi namna gani, vilitumika wapi, na vilishindwa wapi. Tunaeleza vilevile juu ya nini vingine vinaendelea kuumiza watu miaka mingi nyuma ya vita. Mkulima anayeelewa sababu ya askari kuchagua fasi fulani atajua pia fasi gani aogope.

Kizuizi ni nini

Wakufunzi wa kijeshi wanagawanya vizuizi katika mafungu mawili. La kwanza ni vile vya asili: mto, ziwa, kinamasi, mlima mkali, pori zito. La pili ni vile vilivyotengenezwa na watu: handaki, ukuta, miti iliyoangushwa barabarani, nguzo za saruji, waya wa miiba, daraja lililobomolewa, mabomu ya ardhini.

Kamanda mwenye akili haanzi na kuchimba. Anaanza na kutazama nchi. Kama kuko mto upande wa kushoto na mlima upande wa kuume, adui amebakiwa na njia katikati, na njo pale kazi ya mikono itawekwa. Kizuizi cha mtu kinaunganisha vizuizi vya Mungu, sawa vile mfugaji anavyofunga tundu moja tu la uzio, juu upande mwingine uko mwamba.

Kazi ya kizuizi haiko moja. Vitabu vya kijeshi vinataja nne. Ya kwanza ni kuvuruga: adui aliyekuja kwa mstari mzuri anatawanyika, wengine wanafika mbele, wengine wanabaki nyuma. Ya pili ni kugeuza: anaona njia hii ni ngumu, anafuata ile nyingine, ambayo anayejilinda alitaka aifuate. Ya tatu ni kukwamisha: anabaki fasi moja kwa muda, na pale pale mizinga inamwangukia. Ya nne ni kufunga kabisa, asipite. Hii ya nne njo watu wengi wanafikiri kila kizuizi kinafanya. Kusema kweli, iko ya bei kali kuliko zote na inafaulu mara chache.

Sheria ya kwanza: kizuizi kinaomba mlinzi

Kila jeshi linafundisha jambo hili: kizuizi ambacho hakuna mtu anakitazama, na hakifikiwi na masasi, hakina kazi. Adui akipewa wakati, ataukata waya, atafukia handaki, atatengeneza daraja. Kizuizi hakimuui. Kinamwekea saa tu, na aliye nyuma ya kizuizi njo anapaswa kuitumia ile saa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mto Somme, Ufaransa, tarehe 1 Julai 1916. Waya wa miiba ulikuwa umebuniwa Marekani kwa kazi ya kuzuia ng'ombe. Mtu mmoja wa jimbo la Illinois, Joseph Glidden, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1874. Miaka 40 kisha, waya uleule ulikuwa umefunga mashamba ya Ulaya mbele ya mahandaki ya Wajerumani.

Waingereza walipiga mizinga muda wa juma moja, makombora zaidi ya milioni 1.5, wakifikiri waya utakatika. Fasi nyingi haukukatika. Askari waliotoka kwenye mahandaki walijikuta wamesimama mbele ya waya, wakitafuta tundu la kupitia, na mitrayezi za Wajerumani zilikuwa zimeelekezwa pale pale. Kwa ile siku moja Waingereza walipoteza watu karibu 57,000, kati yao zaidi ya 19,000 walikufa. Ule waya haukuua hata mtu mmoja. Uliwasimamisha tu, mbele ya bunduki.

Mfano wa pili unaonyesha jambo lilelile kwa upande mwingine. Mwezi wa Mei 1940 vifaru vya Wajerumani vilipitia msitu wa Ardennes, kusini mwa Ubelgiji. Ufaransa ilikuwa imejenga ngome za saruji za Maginot kwenye mpaka wake na Ujerumani, na wakubwa wake wengi walifikiri ule msitu wenyewe, pamoja na mto Meuse nyuma yake, vingetosha kuchelewesha adui. Askari wa Ubelgiji waliokuwa msituni walivunja madaraja na kukata barabara, kisha wengi wao wakarudi nyuma sawa mpango ulivyosema. Wahandisi wa Wajerumani walifika, hakuna aliyewapiga, wakatengeneza njia na safari ikaendelea. Tarehe 13 Mei walikuwa wanavuka Meuse pale Sedan.

Lakini kulikuwa kijiji kimoja, Bodange, ambako mambo yalikuwa tofauti. Simu zilikuwa zimekatwa na amri ya kurudi nyuma haikufikia kampuni moja ya Wabelgiji. Wakabaki kwenye nyumba zao za mawe, wakitazama njia iliyofungwa na daraja lililovunjwa. Kundi hilo dogo, bila mizinga, lilichelewesha divisheni nzima ya vifaru kwa saa nyingi. Fasi zingine za msitu ule zilikuwa na vizuizi vya namna ileile. Tofauti ni kwamba hapa Bodange mlinzi alikuwepo.

Boma za Maniema, 1893 na 1894

Hatupaswi kwenda Ulaya tu kutafuta mifano. Neno letu boma lenyewe linatoka katika mambo haya. Katika vita kati ya Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, boma njo ilikuwa silaha kubwa ya ulinzi.

Kasongo ilianguka mikononi mwa jeshi la Dhanis mwezi wa Aprili 1893. Miezi michache kisha, Rumaliza alikuja kutoka upande wa Ujiji na watu wengi. Jina lake lenyewe lilikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani. Kila fasi aliposimama, watu wake walikata miti, wakaisimamisha kwa kuikaza pamoja, wakachimba na kurundika udongo. Askari wa boma walipiga bunduki kwa kupitia matundu madogo, nao wakiwa wamefichwa. Mwenye kushambulia alikuwa anakimbia fasi wazi, bila kuona mtu wa kumpiga.

Matokeo yalionekana upesi. Mwezi wa Oktoba 1893 mashambulizi yalirudishwa nyuma, na kamanda Ponthier, mmoja wa maofisa wakubwa wa Wabelgiji, alijeruhiwa na akafa. Hii inaonyesha kwamba sheria ya kwanza ilitimia: kizuizi kilikuwepo, na nyuma yake kulikuwa macho na masasi.

Boma zilishindwa namna gani? Si kwa kupanda ukuta. Mwezi wa Januari 1894 mzinga wa Krupp uliletwa, na kombora likawasha moto ndani ya boma kubwa, kwenye paa la nyasi. Moto ukafika kwenye baruti, watu wakatoka mbio. Boma zingine za jirani zikazungukwa, zikakatiwa njia ya maji, na kisha siku chache zikasalimu amri. Rumaliza alikimbia.

Tunapata hapa masomo mawili. Moja, kila kizuizi kinajengwa kwa kufikiria silaha za adui za ile siku, na silaha mpya inaweza kukivunja kwa dakika chache. Mbili, kizuizi kinachomzuia adui asiingie kinamzuia mwenyewe pia asitoke. Boma isiyo na maji ndani yake inageuka gereza.

Mto Ruzizi na Ziwa Kivu, 1914 mpaka 1916

Katika Vita Kuu ya Kwanza, mpaka kati ya Kongo ya Wabelgiji na nchi ya Wajerumani ulikuwa sehemu kubwa maji: Ziwa Kivu, mto Ruzizi, Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walikamata kisiwa cha Idjwi. Kisha, kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, pande zote mbili zilibaki zinatazamana kwa ngambo na ngambo. Kuvuka mto mbele ya bunduki ilikuwa hasara ambayo hakuna aliyetaka kuilipa.

Mwaka 1916 jenerali Tombeur alikuwa na askari wa Force Publique, wengi wao Wakongomani, katika mafungu mawili. Fungu la Molitor lilizungukia kaskazini mwa ziwa, fungu la Olsen lilikuwa upande wa Ruzizi. Molitor alifika Kigali tarehe 6 Mei 1916. Kwa Wajerumani waliokuwa wanalinda maji, habari ilikuwa imekwisha: adui alikuwa anakaribia mgongo wao. Waliacha mstari ule wakarudi nyuma kuelekea kusini. Tarehe 19 Septemba 1916 Force Publique iliingia Tabora.

Maji ya Ruzizi hayakukauka, na Ziwa Kivu halikuhama. Kizuizi kilibaki kizuri kama mbele. Kilichobadilika ni kwamba adui alipata mwisho wake, akaupita. Juu ya hiyo, maofisa wanafundishwa kuuliza swali hili mbele ya kuchimba hata mita moja: mstari huu unaishia wapi, na nani analinda ile ncha?

Kursk: kizuizi kimoja hakitoshi

Mfano mkubwa kuliko yote ya karne iliyopita ni Kursk, katika Umoja wa Kisovieti, mwaka 1943. Wasovieti walijua kwamba Wajerumani watashambulia pale, na walipata miezi ya kujitayarisha. Askari na raia walichimba maelfu ya kilomita ya mahandaki. Karibu mabomu ya ardhini milioni moja yaliwekwa, mengine ya vifaru, mengine ya watu. Na hawakutengeneza mstari mmoja. Walitengeneza mistari minane, mmoja nyuma ya mwingine, kwa kina cha kilomita zaidi ya 200.

Shambulio lilianza tarehe 5 Julai 1943. Upande wa kaskazini Wajerumani walisogea karibu kilomita 12 tu. Upande wa kusini walifika karibu kilomita 35. Kila walipopasua mstari mmoja, walikuta mwingine. Vifaru vilivyosimama juu ya mabomu vilipigwa na mizinga iliyokuwa imepimwa mbele. Kisha siku nane Hitler aliamuru operesheni isimame, na Wasovieti wakaanza kushambulia wao.

Hapa tunaona sababu ya kina. Mstari mmoja, hata ukiwa na nguvu namna gani, utapasuka fasi moja siku moja. Mistari mingi inakula nguvu ya adui kidogo kidogo, na inampa anayejilinda wakati wa kuleta askari wa akiba pale hatari iko.

Tuongeze jambo moja ambalo watu wanalisahau: anayejilinda anapaswa kuacha njia zake mwenyewe. Katika kila uwanja wa mabomu kuko vichochoro ambavyo askari wake wanavijua, na ramani inapaswa kuandikwa. Bila hiyo, siku ya kurudi nyuma ao ya kushambulia, atakanyaga bomu lake mwenyewe.

Kizuizi kinachobaki bila mlinzi

Tumesema kizuizi bila mlinzi hakina kazi. Kwa handaki, kwa waya, kwa mti barabarani, ni kweli. Askari wakiondoka, mbuzi wanakula majani pembeni, watoto wanachezea ndani, kisha miaka michache mvua inafukia.

Bomu la ardhini haliko hivyo. Ni kizuizi kinachobeba mlinzi wake ndani yake, na yule mlinzi hajui kama vita imekwisha. Hatofautishi buti ya askari na mguu wa mama anayetafuta kuni.

El Alamein, kule Misri, inatuonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1942 jeshi la Rommel lilitega karibu nusu milioni ya mabomu jangwani ili kuzuia Waingereza. Ilipofika tarehe 23 Oktoba 1942, wahandisi wa Uingereza waliingia usiku, wengine na mashine mpya za kutafuta chuma, wengine wakichoma mchanga polepole na kisu cha bunduki, wakafungua vichochoro vya kupitisha vifaru. Vita iliisha mwanzoni mwa Novemba. Lakini mabomu mengi yalibaki mchangani, na hata leo, miaka zaidi ya 80 kisha, eneo lile la Misri linaendelea kuhesabiwa kati ya zile zenye hatari. Kizuizi kilifanya kazi ya vita siku 12, na kazi ya kuumiza raia maisha mazima.

Kwetu Kongo, vita za kati ya 1996 na 2003 ziliacha mabomu ya namna hiyo katika majimbo kadhaa, kati yao Tshopo, Ituri na Tanganyika. Waliyatega karibu na fasi zilezile tulizotaja: vivuko vya mito, madaraja, viwanja vya ndege, barabara zinazopanda mlima, pembeni ya kambi na mahandaki. Haikuwa bahati mbaya. Kila fasi ambapo kamanda angetaka kuchelewesha adui, njo fasi ambapo raia pia anapita, juu mtu wa kawaida na askari wote wanatafuta njia rahisi. Pamoja na mabomu ya kutegwa, kuko makombora na guruneti zilizotupwa na hazikulipuka. Kwetu hizi njo nyingi zaidi.

Sheria inasema nini? Mkataba wa Ottawa, uliotiwa sahihi mwezi wa Desemba 1997, unakataza kutumia, kutengeneza, kuweka akiba na kuuzisha mabomu ya ardhini ya kuua watu. Nchi yetu iliingia katika mkataba huo mwaka 2002. Nchi mwanachama inapewa miaka 10 kusafisha udongo wake. Kongo haikumaliza katika muda huo, ikaomba mara kadhaa kuongezewa, na vita mpya zinarudisha kazi nyuma. Kazi hii inasimamiwa na kituo cha serikali kinachoitwa CCLAM, pamoja na idara ya Umoja wa Mataifa ya UNMAS na mashirika mengine. Mkataba haukatazi handaki, wala waya, wala ukuta. Unakataza kile kizuizi ambacho mwenyewe akiondoka kinabaki kinaua.

Mambo ya kukumbuka

Ukifika fasi ambapo askari ao waasi walikaa, usiingie katika mahandaki wala nyumba walizoacha. Usichukue chuma, sanduku ao waya uliobaki, hata ukiona kwamba utauzisha kwa bei nzuri.

Tazama alama. Kibao chenye fuvu la kichwa, mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, utepe mwekundu: hizo ni alama za hatari. Mawe yenye nyekundu upande mmoja na nyeupe upande mwingine yanasema: upande wa nyekundu usipite. Raia nao wanaweka alama zao, sawa vijiti viwili vilivyopishana ao majani yaliyofungwa. Usiziondoe. Na kama hakuna alama, lakini wenyeji hawapiti njia fulani na majani yameota kule, uliza mbele ya kupita.

Ukiona kitu usichokijua, usikiguse, usikitupie jiwe, usikiwashie moto. Simama. Rudi nyuma kwa njia ileile uliyokuja nayo, ukikanyaga nyayo zako kama zinaonekana. Kama huzioni, baki pale pale, ita kwa sauti, ukataze watu kuja kukushika, na ungoje wenye ujuzi. Kisha weka alama fasi yenye usalama, mbali na kile kitu, na upeleke habari kwa shefu wa kijiji, kwa polisi ao kwa wafanyakazi wa kuondoa mabomu.

Wazazi, waambieni watoto mambo haya mara nyingi. Mtoto anayechunga mbuzi anafika fasi ambazo mtu mzima hajaenda tangu vita. Yeye hakuwepo wakati handaki lilichimbwa, na hajui nani alikuwa anamlinda nani pale. Ni sisi tunaokumbuka njo tunapaswa kumwambia.